Zipu Haipandi

Msusi alivuta pumzi, akauzungusha uzi kiunoni. Ulikuwa uzi wa kusukia nywele, mweusi, ule ambao ukiuvuta kwa nguvu unakukata kidole kabla haujakatika wenyewe. Uzi ulipokutana na ncha yake juu ya kitovu aliubana kwa kucha, akafunga fundo, kisha akaunyoosha uzi mezani mbele ya kioo, kati ya chupa za mafuta na vitana.

"Haya, soma," alisema Mama Kucha, mwenzake wa pale saluni, aliyepewa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kucha na si kingine. "Usinitazame mimi. Soma uzi wako."

Mafundo yalifuatana, kila moja likiwa ndani zaidi ya lililotangulia. Katikati yake palifungwa kipande cha uzi mwekundu. Hicho kilikuwa kiuno cha gauni la harusi, alichokipima siku ya kwanza alipoonyeshwa gauni lenyewe, ili ajue anakoelekea. Fundo la leo lilikuwa limelipita lile jekundu kwa ndani, kwa upana wa vidole vinne.

"Uzi umevutika," alisema Msusi.

"Uzi wa kusukia umevutika? Kutwa tunauvuta hapa, watu wanatoka macho yamewapanda juu hawawezi hata kupepesa, leo uvutike kwa ajili ya tumbo lako?"

"Basi nimefunga vibaya."

"Shoga, nisikilize. Aproni hiyo ulikuwa unaifunga nyuma kwa kumwomba Mungu. Sasa kamba zake unazizungusha mpaka zinarudi mbele. Pete yako tumeiokota kwenye beseni la kuoshea nywele, imechomoka yenyewe. Ngazi za hapo nje ulikuwa unapumzika katikati kama mgonjwa, siku hizi unapanda huku unazungumza na simu. Kila kitu kinasema umepungua. Kinachokataa ni kimoja tu, na hicho kinalala kabatini kwa nani?"

Msusi alianza kuviringisha uzi kidoleni.

Mizani hakuwa nayo nyumbani. Ile ya duka la dawa ilitaka upande mbele ya foleni nzima, na siku moja aliyojaribu alimsikia mtoto akimuuliza mama yake kama chombo kitavunjika. Mama yule alimfinya mtoto, lakini alicheka. Tangu hapo Msusi alijipimia mwenyewe kwa alivyokuwa navyo: uzi, aproni, pete na ngazi. Asubuhi alikunywa maji ya moto. Mchana alikula tango. Jioni alilala mapema ili njaa imkute amelala. Kuna siku alianguka huku ameshika kichwa cha mteja, na mteja akapiga kelele kwa sababu ya nywele zake.

"Leo ni Jumamosi," alisema Mama Kucha. "Unakwenda kujaribiwa tena. Chukua huo uzi, ulizungushie gauni. Si wewe. Gauni."

"Unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu. Mimi napaka rangi."

Kila Jumamosi baada ya kazi za asubuhi, Msusi alikwenda kwa mama wa mchumba wake kujaribu gauni. Lilikuwa gauni la mama mwenyewe. Alilishona akiwa msichana, akaolewa nalo, kisha akaishi miaka yake yote kwa cherehani, akishona sare za shule na mapazia ya watu. Siku Msusi alipopelekwa kujulishwa, alivishwa gauni hilo, zipu ikaishia katikati ya mgongo. Mama akarudi nyuma hatua moja, akamtazama kama anayetazama kabati ambalo halitapita mlangoni.

"Binti, wewe ni mkubwa kwa mwanangu," alisema. "Mkilala kitanda kimoja, yeye itabidi ajifunge kamba asianguke."

"Ninaweza kupungua, Mama."

"Wote husema hivyo wakiwa wameshiba."

"Nikinunua mizani, nikajipima kila wiki..."

"Mizani ni ya magunia. Katika nyumba hii bibi harusi hupimwa kwa gauni."

Ilimuuma, lakini hayo hayakumrudisha nyuma. Walipokuwa wakitoka getini, mchumba wake alimshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, "Usimjali Mama. Siku zipu itakapopanda mpaka juu, siku hiyo hiyo nampigia baba yako simu namtajia tarehe." Akamwangalia machoni.

Macho hayo ndiyo yaliyomponza. Mwanamume alikuwa fundi miwani, na walikutana dukani kwake, Msusi alipokwenda kupimwa kwa sababu alikuwa haoni vizuri njia za nywele. Alimwinamia karibu sana, pumzi zao zikapishana, akayakodolea macho yake moja baada ya jingine, bila haraka. Hakuna mwanamume aliyewahi kumtazama Msusi kwa muda mrefu namna ile bila kushuka chini kwenye mwili na kurudi na tabasamu. Yule alitazama kwa sababu ya kazi. Yeye akapokea kwa moyo.

*

Fundi Miwani alikuwa sebuleni, amekaa mbele ya televisheni, mpira unaendelea. Alimpokea mkoba, akambusu shavuni.

"Umechoka, mpenzi?"

"Kidogo."

"Pole. Mama anakusubiri chumbani." Akarudi kwenye kiti chake.

Chumba cha mama kilikuwa safi kama wodi. Kitanda kilitandikwa hadi kikakosa mkunjo, na cherehani ilikaa dirishani, imefunikwa kitambaa kama ndege wa kufugwa. Mama alikwishalitoa gauni kabatini. Lilikuwa refu, la shingo pana, jeupe lililoanza kuelekea kwenye rangi ya maziwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Vua."

Msusi alivua, akabaki na shimizi, akaingia ndani ya gauni. Akanyoosha mgongo. Mama akasimama nyuma yake, akaikamata zipu. Ilipanda, ikapanda, ikagoma chini kidogo ya mabega. Mama akavuta mara moja tu.

"Haipandi," alisema, kama karani anayesoma majibu.

Siku nyingine Msusi angelia papo hapo, naye Fundi Miwani angemfuta machozi sebuleni na kumwambia ajitahidi kidogo tu, wamebakiza kidogo tu. Leo machozi hayakuja. Alivua gauni, akalilaza kitandani, akauchukua uzi wake kutoka mfuko wa sketi.

"Unafanya nini?" aliuliza mama.

"Napima."

Aliuzungusha uzi kwenye kiuno cha gauni, polepole, kwa zile kucha zilizozoea kugawa nywele. Alipofika mwisho wa kitambaa, fundo jekundu lilikuwa nje, mbali, limelala juu ya shuka peke yake. Gauni lilikuwa limepungua kuliko yeye.

Akaligeuza ndani nje. Pembeni ya zipu, kulia na kushoto, kitambaa kilikuwa kimekunjwa na kushonwa, kikakunjwa tena na kushonwa. Mistari ya uzi ilifuatana kama mafundo yake, mmoja ndani zaidi ya mwingine. Uzi wa zamani ulikuwa umepauka. Huu ulikuwa mweupe, mpya.

Akaketi ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa.

"Mama. Nani amelikunja gauni hili?"

"Mimi."

Alisema bila kugeuza uso. Hakukuwa na aibu ndani yake hata ya kuazima.

"Kila wiki?"

"Kila ulipopungua. Ningekuacha ungelivaa zamani."

"Nimekukosea nini, Mama?"

"Hujanikosea. Sikutaki, hilo unalijua, nilikwambia usoni siku ya kwanza na ningekwambia tena leo. Mimi nikimkataa mtu sihitaji sindano. Nina mdomo."

"Sasa kwa nini..."

"Nimeombwa."

Sebuleni mtangazaji wa mpira alipaza sauti, kisha ikashuka. Mama alinyanyua kidevu kuelekea huko, basi.

Msusi alimtazama kidevu, akamtazama mlango, akarudi kwenye kidevu.

"Si kweli."

"Alikuja wiki ile ile ya kwanza. Ulikuwa umeanza kupungua, akaona. Akaniambia, Mama, likunje kidogo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ataona atakavyofanya. Nikakunja. Sikukata, gauni langu siwezi kulikata kwa ajili ya mtu. Nilikunja tu. Nilidhani ungechoka wiki ya pili. Ningekuwa mimi, ningemtupia usoni."

"Alikuwa akinifuta machozi."

"Anajua kufuta. Kazi yake ni kufuta vioo."

Msusi alitaka kucheka, sauti ikatoka vibaya. Aliinamisha kichwa. Mifupa ya magoti ilionekana kupitia shimizi, na kwa mara ya kwanza aliitazama kama ya mtu mwingine, mgonjwa fulani aliyeletwa akalazwa kwenye kitanda hiki kisafi.

"Una wembe?" aliuliza.

"Wa nini?"

"Nalifumua."

"Gauni langu hulifumui wewe." Mama alikwisha kulichukua. Alivuta kiti hadi dirishani, akavaa miwani aliyotengenezewa na mwanawe, akatoa kifaa chake kidogo cha kufumulia. "Nimekunja mwenyewe, nitafumua mwenyewe. Wewe utanichania kitambaa."

"Kwa nini unanifumulia?"

Mama aliinamia mshono. Nyuzi zilianza kukatika, tak, tak, tak.

"Kwa sababu nataka kumwona," alisema. "Nimemlea miaka yote hiyo, nikamsomesha, na sijawahi kumsikia akisema hapana kwa mtu. Kabla yako alikuja na mmoja, mfupi. Akaniambia, Mama, lirefushe. Nikarefusha. Yule maskini alikanyaga pindo kila Jumamosi, anaanguka hapo hapo kwenye zulia, mwishowe akasema yeye na harusi basi. Hakuwa king'ang'anizi kama wewe."

"Naye alimfuta machozi?"

"Mpaka getini." Akakung'uta gauni, vipande vya uzi vikaanguka. "Simama. Geuka."

Zipu ilipanda. Ilipanda kama haijawahi kuwa na shida na mtu, mpaka shingoni, ikatulia. Na gauni lilimpwaya. Kiunoni ungeweza kuingiza mkono mzima. Mabegani lilitaka kuteleza. Mama alikishika kitambaa kilichozidi, akakipima kwa vidole, na kwa mara ya kwanza Msusi aliona uso ule ukisita.

"Kumbe umekwisha hivi," alisema mama, kisha akajikaza. "Nenda. Usiburuze pindo."

*

"Bado?" aliuliza Fundi Miwani bila kuondoa macho kwenye televisheni. Sauti ya huruma ilikuwa tayari.

Hakusikia jibu, akageuka.

Msusi alikuwa amesimama mlangoni ndani ya gauni jeupe, miguu mitupu, nywele zake mwenyewe zimefungwa ovyo kwa sababu msusi hana wa kumsuka. Alimwona mwanamume akimtazama kuanzia chini hadi juu, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, na akaona katika macho yale kitu alichokililia kwa miezi. Kutamaniwa. Kilikuja, kikakaa pale wazi. Moyo wake, mpumbavu ule, ukaruka.

"Umependeza," alisema mwanamume.

"Limefungika."

"Naona." Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati. "Naona, mpenzi. Hongera. Umejitahidi sana."

"Ulisema siku litakapofungika unampigia baba."

"Nilisema."

"Simu yangu hiyo hapo mezani."

"Sasa hivi? Mzee si atakuwa amelala mchana?"

"Baba halali mchana."

"Basi jioni. Jambo la heshima kama hili si la kusema kwenye simu huku mpira unapiga kelele."

"Zima mpira."

Hakuzima. Mama alikuja, akachukua rimoti mkononi mwa mwanawe, akazima, akasimama kando ya mlango amekunja mikono.

"Mama ameniambia," alisema Msusi.

Fundi Miwani alimtazama mama yake kama mtoto aliyeshitakiwa, kisha akaitazama miwani.

"Sikujua namna ya kukuambia."

"Kuniambia nini?"

"Hivyo."

"Hivyo vipi? Sema kwa maneno."

"Usinibane. Unajua nakuheshimu. Wewe ni mtu mzuri, una moyo mzuri kuliko watu wote ninaowajua. Nikakuona unatoa jasho kwa ajili yangu, ningekuambiaje? Ningekuumiza."

"Nimeanguka kazini kwa njaa."

"Sikujua kama utafika huko. Nilidhani utachoka." Sauti yake ilipanda kidogo, kama mwenye haki. "Mtu yeyote angechoka. Ungesema tu kwamba umeshindwa, tungeachana bila ubaya. Wewe huchoki. Kila wiki unakuja. Nifanye nini na mtu asiyechoka?"

Hayo yalimwingia Msusi polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Alikuwa amejivunia jambo moja tu mbele yake, kwamba hachoki. Kumbe ndilo lililomkera.

"Ulinipenda hata siku moja?" aliuliza. Alijilaumu kabla hajamaliza kuuliza.

Fundi Miwani akasimama, akamkaribia, akamshika mabega. Mikono yake ilikuwa ya moto, na kitambaa kilikuwa chembamba.

"Nisikilize. Yaliyopita yamepita. Nitazame. Sasa umekuwa... sasa hivi ulivyo, watu wakituona tukipita, hakuna wa kusema kitu. Tunaweza kuanza upya mimi na wewe. Kwa nini tuharibu, na kazi ngumu umeshaifanya?"

Angejibu nini? Mwili wote ulimwambia akubali. Alikuwa amekipigania kitu hiki kwa tango na maji ya moto, na sasa kilikuwa kimesimama mbele yake, kinanukia sabuni, kinasema njoo. Mama, pale mlangoni, alitazama dari.

"Unasema kweli?" aliuliza Msusi.

"Kweli kabisa."

"Basi mpigie baba."

Mikono ikalegea mabegani.

Msusi mwenyewe alikwenda mezani, akapiga, akaweka sauti ya nje. Simu iliita, kisha ikapokewa kwa kishindo kama mtu aliyekuwa ameikalia.

"Halo."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula, baba. Mchumba wangu yuko hapa. Ana neno la kukuambia."

"Aa, mkwe! Mlete, mlete. Ngoja nizime redio." Wakasikia akitembea, akijigonga mahali, akijicheka. "Haya, nimekaa. Sema, mkwe."

Mwanamume aliishika simu kwa vidole viwili. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, marahaba. Mkwe, sisi huku tumekaa mkao wa kula. Shangazi zake hawanipi usingizi, wanauliza nguo zao washone rangi gani. Nimewaambia tulieni, yule kijana ni mstaarabu, ana hatua zake. Akisema amesema."

Fundi Miwani alilamba midomo. Alimtazama Msusi, akalitazama gauni, na zipu iliyofika shingoni.

"Baba, nilikuwa... nilitaka tu kukujulia hali."

"Mimi mzima wa afya. Na tarehe?"

"Karibuni tu, baba. Mungu akipenda."

"Kumebaki nini?"

"Kitu kidogo tu. Ni gauni."

"Gauni bado?"

"Bado kidogo, baba," alisema Fundi Miwani, kwa upole wake wote. "Zipu haipandi."

Msusi hakupiga kelele. Alijishangaa kuona hata hasira hakuna, kana kwamba mtu amefungua bomba na yote yakamwagika sakafuni. Alimwona tu. Aliona jinsi ambavyo angemwoa kwa sababu hiyo hiyo iliyomfanya asimwache, kwa kukosa mdomo, na jinsi ambavyo angemdanganya mezani na kitandani kwa sauti hii hii laini, mpaka mmoja wao azikwe. Na bado alimpenda. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote.

Alinyoosha mkono aichukue simu. Mama alikuwa amefika kabla yake.

"Mzee mwenzangu, habari za huko," alisema mama. "Mimi ndiye niliyemzaa huyu. Zipu imepanda. Binti yako amelivaa gauni, amesimama hapa namwona, limemzidi. Mwanangu hamtaki. Hakuwa akimtaka hata siku ile alipomleta. Alishindwa kusema, akatumia sindano yangu, nami nikamwazima. Hilo ndilo neno lenyewe. Hakuna harusi."

Upande wa pili redio ilikuwa imezimwa kweli.

"Mwanangu anasikia maneno hayo?" aliuliza baba yake, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mzee.

"Anasikia."

"Basi nipe niseme naye. Mwambie, mwambie baba yake..."

Mama alikata simu.

"Mama, mbona umesema hivyo?" Fundi Miwani alikuwa amekaa tena, rangi imemtoka. "Ningesema mwenyewe. Ungenipa nafasi ningesema taratibu."

"Sema," Msusi alimwambia. "Nipo. Sina haraka."

Mwanamume aliivaa miwani yake. Aliitazama televisheni iliyozimwa, akaona humo watu watatu wadogo, mmoja mweupe. Midomo ilifunguka. Msusi alisubiri. Alitaka tu neno moja, hata la kumtukana, alibebe nyumbani lijulikane kuwa lake. Midomo ikajifunga.

"Nimeshakusaidia mengi leo," mama alimwambia Msusi, akimrudishia simu. "Sasa vua gauni langu."

"Hapa?"

"Chumbani."

Lakini Msusi alikwisha kuanza. Zipu hakuigusa. Alitoa bega moja kwenye ile shingo pana, akatoa la pili, mikono ikafuata. Gauni lilishuka mpaka nyonga, likakwama kidogo, akalitikisa, likaanguka lote sakafuni likiwa limefungwa vile vile mpaka juu. Akabaki na shimizi katikati ya sebule, mbavu zinahesabika, mifupa ya shingo imetoka nje kama mpini.

"Nitazame," alisema.

Fundi Miwani alifunika macho kwa kiganja.

Msusi alilivuka gauni, mguu mmoja kisha mwingine, akaenda chumbani kuchukua sketi yake. Mama aliinama, akaliokota haraka na kulipiga piga kwa mkono, kwa sababu lilikuwa jeupe, na sakafu haikuwa imefagiliwa tangu asubuhi.